Naimba ili nionekane. Niache utumishi mpaka moyo usafike?

Swali limetoka kwa dada wa miaka 26, yuko Arusha. Nimelifupisha kidogo tu.

"Shikamoo mchungaji. Naimba kanisani kwetu tangu nina miaka 18 na naongoza sifa. Tangu kanisa lianze kurusha ibada laivu YouTube nimegundua kitu kinanitisha, jumapili jioni nakaa na simu naangalia vile vipande nilivyoimba mimi tu, nasoma komenti, nikikuta hakuna aliyenitaja roho inauma. Mwezi uliopita mwalimu wa kwaya alimpa binti wa miaka 17 wimbo ambao nimezoea kuongoza mimi. Nilimwambia mwalimu koo linauma, nikakaa nyumbani wiki 2. Koo halikuwa linauma. Sasa najiuliza, niache kuimba mpaka moyo wangu uwe safi? Na hiyo miaka 8 yote, Mungu alipokea chochote au nilikuwa najiimbia mwenyewe? Saivi hata kuomba kwa sauti mbele za watu naogopa."

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kabla sijasema lingine nikwambie kabisa, usiache kuimba. Ila kuna jambo umelipitia haraka haraka kwa sentensi fupi mbili tatu, na mi naona ndo kubwa kuliko lile uliloniuliza. Nitalifikia, nivumilie kwanza tuangalie hilo la kuonekana maana najua ndo linalokunyima usingizi.

Andiko linalowatisha watu kama wewe ni Mathayo 6, pale Yesu anapoongea habari ya sadaka, sala na kufunga. Kuna anayetoa huku anapiga panda mbele yake, kuna anayependa kusali kasimama kwenye pembe za njia, kuna aliyekunja uso ili kila mtu ajue leo kafunga, na kila mara anamalizia kwa maneno yaleyale, wamekwisha kupata thawabu yao. Nilipokuwa nafundisha Agano Jipya chuoni, hapa ndo wanafunzi walikuwa wanaamka, kwa sababu neno la Kigiriki lililotumika hapo, apecho, ni neno la pesa. Huko Misri zimeokotwa risiti nyingi sana za zamani hizo, zimeandikwa kwenye mafunjo na kwenye vigae vya vyungu, mtu akilipwa deni au kodi anaandika neno hilohilo, maana yake nimepokea yote sikudai tena. Kwahiyo Yesu hasemi kwamba wale watu walitoka mikono mitupu, walitaka kutazamwa wakatazamwa, risiti imekatwa, hakuna kilichobaki cha kudai kwa Mungu. Na hao anaowaita wanafiki, neno lenyewe kwa Wagiriki lilikuwa la mwigizaji wa jukwaani, yule anayevaa kinyago na kusema maneno ya mtu mwingine watazamaji wakapiga makofi.

Sasa ukiishia hapo utatupa maiki leoleo. Lakini ni Yesu huyohuyo, sura moja tu nyuma, 5:16, aliyesema nuru yenu iangaze mbele ya watu ili wayaone matendo yenu mema wamtukuze Baba. Kuonwa na watu peke yake sio kosa, mwimbaji gani huyo atakayeimba asionekane wala asisikike. Anachokigusa Bwana ni ile "ili" iliyoko ndani, nimetoa ili nitazamwe, nimesimama ili nitazamwe. Alafu rudi sura ya 6, soma mstari wa 4, wa 6 na wa 18, yote mitatu anarudia habari ya Baba aonaye sirini. Hii imenikaa moyoni miaka mingi sana mwanangu, kwamba Yesu hamwambii mtu yeyote pale aache kutamani kuonwa, anamwambia yupo anayekuona. Ile hamu ya mtoto aliyepanda mwembe anaita "baba niangalie" haikuumbwa na shetani. Wewe ulizaliwa nayo, ila umekuwa ukiipeleka kwenye mlango ambao unalipa jumapili jioni na jumatatu asubuhi umeshaisha, ndo maana unarudi tena kwenye simu kuangalia kama imeongezeka komenti nyingine.

Na usidhani ni wewe wa kwanza, wala ni YouTube ndo imeleta. Augustino, askofu wa Hippo, mji ambao leo unaitwa Annaba kule Algeria, Mwafrika mwenzetu huyu, karibu mwaka 400 aliandika kwenye kitabu chake cha Maungamo kwamba muziki wa kanisani unamsumbua. Kuna wakati anajikuta ameguswa na sauti ya mwimbaji kuliko maneno yanayoimbwa, anasema hapo nimetenda dhambi na ingekuwa heri nisimsikie huyo mwimbaji. Akafika mahali anatamani zile tuni zote ziondolewe kanisani. Lakini akakumbuka machozi aliyolia kwa nyimbo za kanisa siku zile imani yake inarudi, akaona hapana, acha kanisa liimbe, hata kama mimi bado nina vita yangu ndani. Mi napenda kwamba hakusubiri vita iishe ndo aruhusu nyimbo. Naye alikuwa upande wa wasikilizaji, wewe upo upande wa maiki, lakini dawa aliyoikataa ndo hiyohiyo unayotaka kuinywa wewe, kuondoa wimbo ili moyo upone. Moyo haupo kwenye wimbo. Ukikaa nyumbani utaupeleka huohuo nyumbani, na baada ya mwezi utaanza kujisikia mtakatifu kuliko wanaoimba kwa sababu wewe umejinyima, na hapo utakuwa umepanda jukwaa lingine refu zaidi.

Kuhusu ile miaka 8. Paulo yuko kifungoni, anawaandikia Wafilipi, sura ya 1 kuanzia mstari wa 15, anasema kuna watu wanamhubiri Kristo kwa husuda na fitina, wanategemea kwamba wakipata jina huku nje yeye kule ndani ataumia zaidi. Hiyo ni nia chafu kweli, chafu kuliko yako. Paulo anasema yadhuru nini? Kwa njia zote, iwe kwa hila au kwa kweli, Kristo anahubiriwa, nami nafurahi. Kwahiyo yule mama aliyekuwa kakaa benchi la nyuma siku ile ametoka hospitali na majibu mabaya, wimbo ukamshika mkono, alichopokea alipokea, Mungu hakumnyima kwa sababu mwimbaji alikuwa anajifikiria. Na wewe mwenyewe nakataa kwamba miaka 8 yote ulikuwa unajiimbia. Barua yako yenyewe inashuhudia, mtu ambaye hana chochote cha Mungu ndani haogopi hivi. Nia zetu zimechanganyika kama mchele na pumba, unaimba mstari wa kwanza kwa machozi ya kweli na mstari wa pili unakumbuka kamera iko upande gani. Mimi mwenyewe nimehubiri hivyo.

Ila angalia usije ukachukua Wafilipi 1 kama kibali. Paulo alifurahia injili, hakuwasifu wale wahubiri.

Alafu kuna hili la kujichunguza. Unasema unajiuliza kila siku kama moyo ni safi. 1 Wakorintho 4 kuanzia mstari wa 3 Paulo anasema hata nafsi yangu siihukumu, sijui neno juu ya nafsi yangu lakini hilo halinihesabii haki, anihukumuye ni Bwana, akija atayadhihirisha mashauri ya mioyo. Yaani mtume mzima anakubali kwamba hana uwezo wa kufika chini kabisa ya moyo wake. Sasa wewe unataka ufike ndo uanze kuimba? Utachimba mpaka uzeeke, na kila ukichimba utakuta nia nyingine chini ya nia, nimetubu, lakini nimetubu ili nijione mnyenyekevu, lakini hata kusema hivyo nimejisifu. Hiyo haina mwisho, na cha ajabu muda wote huo unajitazama wewe tu, ambao ndo ugonjwa wenyewe uliotaka upone.

Nimekulia Kagera, kwenye ngome za uamsho. Watu wa umri wako pengine hamjausikia vizuri. Mwaka 1929 pale kilima cha Namirembe, Kampala, daktari mmoja Mwingereza anaitwa Joe Church alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda, wote wawili wana kiu, wakakaa wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini kule Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika mpaka kwetu. Wale ndugu walikuwa na neno lao, kutembea nuruni, yaani usifiche kitu, ungama, rudisha ulichoiba, kapatane na uliyemkosea. Nimeona mabati yakirudishwa kwa mwenyewe baada ya miaka mingi. Nguvu ile ilikuwa ya kweli. Lakini pia nikiwa kijana nimekaa kwenye vikao ambavyo mwenye ushuhuda mzito ndo anaimbiwa zaidi, na nikaona watu wakianza kupima dhambi zao kabla ya kusimama, ipi itawagusa wenzao. Hata toba ikawa jukwaa. Nakwambia haya ili ujue hakuna namna ya ibada ambayo hii kitu haiwezi kuingia, iwe kinanda iwe ukimya, iwe laivu iwe kibanda cha makuti.

Na ni mzee mmoja wa uamsho aliyenisaidia mimi. Nilikuwa mwinjilisti kijana, nasifika kwa kuomba, kwenye mazishi nilikuwa naweza kuomba muda mrefu watu wanalia wanasema amina. Siku moja baada ya mazishi akanishika mkono tukatembea pembeni ya migomba, akaniuliza kwa upole kabisa, mwalimu, nyumbani ukiwa peke yako huwa unaomba muda gani? Sikuwa na jibu. Hakusubiri jibu, akaanza kuniuliza habari za mama yangu. Nililia usiku ule. Hakuniambia niache kuomba mazishini na mimi sikuacha, ila kuanzia hapo nilianza kuwa na saa ambayo hakuna anayeijua, na ile ya hadharani ikafupika yenyewe pole pole bila mtu kuilazimisha.

Sasa nije kwenye lile jambo. Binti wa miaka 17.

Hukusema jina lake, hukusema anaimbaje, hukusema kama ulipokosekana zile wiki 2 yeye alipata wa kumsaidia. Mwanangu, kufurahia kusifiwa ni udhaifu, karibu kila mwenye kipaji anao. Lakini pale ulipochukua huo udhaifu ukaugeuza kuwa uongo kwa mwalimu na kumwacha mtoto peke yake mbele ya kanisa zima, hapo umetoka kwenye hisia umeingia kwenye tendo, na tendo lina mtu wa upande wa pili. Unaniuliza habari ya usafi wa nyimbo, mi nakuuliza habari ya huyo mtoto.

Soma 1 Samweli 18 taratibu, kwa sababu ile habari nzima imeanza na wimbo. Wanawake wametoka mijini na matari wanaimba, Sauli amewaua elfu zake na Daudi makumi elfu yake. Sauli akahesabu. Akapiga hesabu ya komenti kwa lugha ya leo, wamempa Daudi makumi elfu, mimi wamenipa elfu tu, na tangu siku ile akawa anamwonea wivu. Kesho yake Daudi anapiga kinubi mle nyumbani, anamtumikia yeyeyule Sauli, na Sauli anamtupia mkuki. Mpiga muziki wa ibada anakwepa mkuki wa mtu ambaye ule muziki ulikuwa unamtibu! Na haikuanza pale. Sura ya 15 mstari wa 30, Samweli amemwambia ufalme umekwenda, na Sauli anasema nimefanya dhambi, lakini uniheshimu sasa mbele ya wazee wa watu wangu. Ameungama, na palepale kwenye maungamo anaomba aonekane vizuri kwa watu.

Lakini sura hiyohiyo ya 18, mstari wa 4, kabla hata ule wimbo haujaimbwa, kuna Yonathani. Huyu ndo alikuwa mrithi wa kiti, kama kuna mtu wa kuumia Daudi akipanda ni yeye kuliko baba yake. Akavua vazi alilovaa akampa Daudi, na upanga, na upinde, na mshipi. Biblia haituambii kama moyo wake ulikuwa mweupe pee asubuhi ile, haituelezi alichojisikia kabisa. Inatuambia alichokivua. Kwahiyo ukiniuliza usafi wa nia unapimwaje, mi sipimi kwa unavyojisikia ukishika maiki, napima kwa unavyomtendea aliyeishika baada yako. Ukitaka upande wa pili wake soma 3 Yohana, kuna mtu anaitwa Diotrefe, sifa yake moja tu ndo imebaki mpaka leo, anayependa kuwa wa kwanza, na kazi yake ilikuwa kuwazuia na kuwafukuza wenzake kanisani.

Kwahiyo fanya hivi. Nenda kwa mwalimu wako wa kwaya, ana kwa ana, sio kwa WhatsApp, mwambie koo halikuwa linauma, nilikuwa na wivu, naomba unisamehe. Maneno hayo yanatosha, usiyapambe, usilie sana mpaka yeye ndo aanze kukubembeleza. Kwa yule binti usiende ukamwagia kwamba nilikuchukia nisamehe. Kama hajui, utampa mzigo ambao kesho atausimamia nao pale mbele, anaimba huku anakuangalia uso. Huyo hahitaji toba yako, anahitaji ulichonacho. Wewe umeuongoza ule wimbo miaka, unajua pumzi inakatika wapi, unajua besi wakichelewa anaingiaje. Mpe hivyo. Ukiona ndani bado panauma mpe hivyohivyo panauma, wala sio unafiki. Unafiki ungekuwa kumchekea huku unamchimba kwa wenzake. Mtu anayetenda jema huku moyo unagoma anautii wokovu wake, na moyo wa binadamu huwa unakuja nyuma ya miguu, unachelewa lakini unakuja.

Kuhusu simu. Sikwambii ufute YouTube, nakushauri kitu kidogo tu, jumapili usifungue video ya ibada mpaka jumanne, na ukifungua sikiliza ibada nzima na mahubiri yake, usirukie kwenye kipande chako. Na uwe na utumishi mmoja ambao hauwezi kupigwa picha. Simaanishi kitu kikubwa. Kuna mgonjwa wa mtaani kwenu wa kufuliwa shuka, kuna mtoto wa kulipiwa daftari bila mama yake kujua zimetoka wapi. Usimwambie mtu, hata kwenye maombi ya kikundi usikigusie kwa mafumbo. Utaona mwenyewe jinsi ulimi unavyowasha kutaka kusema, na hapo ndo utajua kwa nini Yesu alisema hata mkono wa kushoto usijue.

Hapa naomba niseme na viongozi wenzangu kidogo maana huyu dada aliyeniandikia hakujifundisha peke yake. Sisi ndo tunasoma majina na viwango vya ahadi kwenye maiki, kuanzia aliyetoa milioni mpaka wa elfu tano tunasema "na wengineo". Mnada wetu baada ya ibada ni kitu kizuri, mtu kaleta mkungu wa ndizi au trei ya mayai, nimeona furaha ya kweli pale nje, lakini nimeona pia wawili wakipandishiana bei ya jogoo mmoja kwa sababu wana ugomvi wa kiwanja na sisi tunashangilia. Anania na Safira, Matendo 5, hakuna aliyewalazimisha watoe, Petro anasema wazi kiwanja kilikuwa chenu na hata fedha ilikuwa chini yenu. Waliponzwa na kutaka waonekane wametoa yote kama Barnaba aliyetajwa mistari michache tu kabla yao. Mazingira ya kutajana yana uzito. Ndo maana mi niliheshimu kilichofanyika Nairobi Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Katoliki Philip Anyolo alipoagiza zirudishwe fedha ambazo Rais Ruto alizitoa kwenye kanisa la Soweto, shilingi za Kenya milioni 2.6 zilizokwishapokelewa, na sehemu yake ilikuwa ya kwaya. Kurudisha hela wakati nyumba ya padri inahitaji kujengwa ni kazi ngumu, lakini waumini walifundishwa kitu siku ile.

Nirudi kwako. Kuna wakati kweli mtu anatakiwa akae pembeni, mfano anaishi kwenye dhambi anayoificha na hataki kuiacha, au amemkosea mtu na anagoma kupatana, Mathayo 5:24 inasema iache sadaka mbele ya madhabahu uende kwanza ukapatane. Ona lakini, inasema uende kisha urudi uitoe, haisemi uiache hapo mpaka ujisikie umestahili. Kama baada ya kuongea na mwalimu wako mtaona upumzike, upumzike kwa kukubaliana naye, kwa tarehe ya kurudi inayojulikana, na siku hizo uje ukae benchi uimbe na kanisa. Usipotee kimya kimya kama ulivyofanya mwezi uliopita.

Na kuomba hadharani, omba. Ukihisi hofu omba kifupi, yule mtoza ushuru wa Luka 18 sentensi yake moja ilitosha akashuka nyumbani amehesabiwa haki. Usitafute maneno mapya ya kuonyesha umenyenyekea.

Umesema mazoezi yenu ni alhamisi. Nenda mapema kidogo kabla wenzako hawajafika, ukimkuta yule binti kaa upande wake, muulize ni sehemu gani ya wimbo inamshinda, alafu mfundishe. Jumapili akisimama pale mbele wewe simama safu ya pili na uimbe alto kwa nguvu zako zote.